Je, Alisema Hivyo Kweli?

Salamabila, katika nchi ya Kabambare kusini mwa Maniema, ni mahali pa dhahabu, na dhahabu huita watu. Wamefika kutoka Kasongo, kutoka Kindu, kutoka Fizi na mbali zaidi, kila mtu na kabila lake na sala yake. Waislamu wapo, watoto wa ile imani iliyoletwa na waungwana wa Kasongo kabla mji wao haujatwaliwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Wakatoliki wapo na Waprotestanti wapo. Siku hizi yupo pia kijana aliyesoma, asiyesali mahali popote, anayeuliza kwa nini asadiki jambo asiloliona. Jioni, kazi ya machimbo ikiisha, watu hao huketi pamoja, na mazungumzo yao hayakawii kufika kwa Mungu.

Kubishana juu ya dini si dhambi. Mtu anayeulizwa sababu ya tumaini lake yampasa ajibu, ndivyo alivyofundisha Mtume Petro. Wala ubishi wenyewe hauwavunjii watu ujirani. Mwenye kufunga Ramadhani na mwenye kufunga Kwaresima wamekwisha zoea kutofautiana. Kinachochoma moyo ni jambo jingine. Mtu apita sokoni, asikia kwamba juzi alisema hivi na hivi juu ya Mtume wa watu, au juu ya Bikira Maria, au juu ya Mwenyezi Mungu. Naye hakusema hivyo. Au alisema, lakini alikuwa akieleza mawazo ya mwingine. Au alisema, kisha akaongeza neno, na lile la mwisho likaachwa njiani. Akimwendea mwenye kuyaeneza, huyo hujibu bila haya: “Hukuyatamka maneno hayo?” Naam, aliyatamka. Basi hapo ndipo penye swali: je, mtu aweza kusema uwongo kwa maneno ya kweli tupu?

Wakristu wasingepaswa kulitafuta mbali jibu lake, kwa maana Bwana wao alihukumiwa kwa njia hiyo. Mtakatifu Yohane asimulia katika sura ya pili ya Injili yake jinsi Wayahudi walivyomdai Yesu ishara, naye akawajibu kwa habari ya hekalu: wao walivunje, naye atalisimamisha kwa siku tatu. Mwinjili aeleza mara moja kwamba hekalu hilo lilikuwa mwili wake. Ikapita miaka. Usiku wa hukumu wakasimama mashahidi mbele ya Kuhani Mkuu. Kwa Mtakatifu Marko wanashuhudia kwamba walimsikia akisema yeye mwenyewe atalivunja hekalu. Kwa Mtakatifu Mathayo, kwamba alisema aweza kulivunja. Msomaji wa Kiswahili apime mwenyewe jinsi badiliko lilivyo dogo. Kristu alisema “vunjeni”, mashahidi wakasema “nitavunja”. Hekalu ni lile lile, siku ni zile zile tatu, na msikilizaji asiyekuwapo siku ya kwanza hawezi kung’amua kitu. Lakini silabi hizo chache zilimgeuza mtu aliyetabiri kifo chake kuwa mtu wa kubomoa nyumba ya Mungu. Marko aongeza kwamba hata hivyo ushahidi wao haukupatana. Ndiyo desturi ya neno lililopotoshwa, kila mtu hulipotosha kwa upande wake. Na neno lile halikufa baraza lilipovunjika. Wapita njia walimdhihaki nalo msalabani, na baadaye likasikika tena katika mashtaka ya Mtakatifu Stefano.

Walakini si haki kudhani kwamba maneno hupotoshwa na maadui peke yao. Mwisho wa Injili ya Yohane, Petro auliza habari ya yule mwanafunzi aliyependwa, naye Yesu amjibu kwa swali: akitaka huyo akae mpaka atakaporudi, yamhusu nini Petro? Likatoka hapo neno kati ya ndugu kwamba mwanafunzi yule hatakufa. Hao walikuwa ndugu, watu wa sala, wenye kumpenda Bwana na kumpenda mwanafunzi. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Waliacha tu neno dogo la “kama”, na Mwinjili ikambidi aandike kwa wazi kwamba Yesu hakusema hivyo. Katika mambo ya dunia Wakongo wanao mfano wao. Wengi husadiki hata leo kwamba tarehe 30 Juni 1960 Patrice Lumumba alimwambia Mfalme Baudouin usoni kwamba Wakongo si nyani wa Wabelgiji tena. Hotuba ya siku ile ipo, na neno hilo halimo. Wanaolirudia aghalabu ni wanaomheshimu. Upendo nao una masikio yake.

Kuna tena namna ya tatu, ambayo haibadilishi silabi yoyote. Hukata tu. Zaburi ya kumi na nne inayo maneno ya kukana kuwapo kwa Mungu. Yeyote aweza kuyaonyesha kwa kidole, mradi afunike kwa kiganja yale yaliyotangulia, yanayosema kwamba ni mpumbavu awazaye hivyo moyoni. Waalimu wa Kiislamu wana mfano wao unaofanana na huo kabisa: katika sura ya Al-Maun ipo aya inayowatangazia adhabu wanaosali, na asiyesoma aya inayofuata hatajua kwamba waonywao ni wale wanaoghafilika na sala zao. Mtakatifu Tomaso wa Akwino angepatwa na mabaya zaidi. Katika kitabu chake kikuu huanza kila swali kwa hoja za wapinzani, na alipofika penye swali kama Mungu yupo, alianza kwa kuandika kwamba yaonekana Mungu hayupo, akazitia nguvu hoja mbili za kukana. Kisha ndipo akajibu. Mtu akisoma mistari ya kwanza tu na kufunga kitabu, atakwenda machimboni kutangaza kwamba Tomaso alikuwa mkana Mungu, na ukurasa atauonyesha.

Tena upande wowote usijione safi. Wenye shaka hupenda kusema kwamba Tertuliano wa Karthago alijivunia kusadiki kwa sababu jambo ni la upuuzi. Sentensi hiyo hakuiandika. Aliandika neno lililo karibu nayo, katika ubishi juu ya mwili wa Kristu, na ubishi huo wote una sababu zake. Lakini waamini nao humtendea vivyo hivyo Charles Darwin. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 alikiri kwamba kudhani jicho limetokea kwa mabadiliko madogo madogo huonekana kuwa upuuzi mkubwa, kisha akaeleza kwa nini yeye haoni hivyo. Wahubiri wangapi wamesoma kukiri kwake mbele ya watu na kuyaacha maelezo? Mtu aweza kukataa mafundisho ya Darwin, lakini hawezi kumkatalia Darwin haki ya kumaliza sentensi yake.

Katika nchi za Kiswahili jambo hili lina historia yake. Kanoni Godfrey Dale, Mwanglikana wa Zanzibar, alitoa mwaka 1923 tafsiri ya Kurani yote kwa Kiswahili, yenye maelezo ya kuwasaidia waalimu wa Kikristu. Kazi ilikuwa kubwa na mtu alikuwa na elimu. Hata hivyo Waislamu waliipokea kwa mashaka, wala si ajabu: mtu hapendi kitabu chake kielezwe na yule anayekitafutia majibu. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipotimiza tafsiri yake mwaka 1969, Waislamu wengi waliona kwamba sasa wanasikia kutoka kinywani mwao wenyewe. Tangu miaka ya 1980 mambo yaligeuka upande wa pili, hasa Tanzania: wahubiri wa Kiislamu walisimama viwanjani na Biblia mkononi, na Wakristu wakajibu kwa Kurani. Katika mihadhara hiyo wapo waliosoma kwa uaminifu. Wapo pia waliokuwa na aya kumi tu, zilizokatwa tayari kama kuni za kuuza.

Basi Kanisa lafundisha nini? Amri ya Nane haikatazi uwongo wa jumla peke yake. Yakataza hasa ushuhuda wa uwongo juu ya jirani, nao ushuhuda hupimwa kwa picha inayobaki kichwani mwa msikilizaji. Anayejua kwamba picha hiyo si ya kweli, na hata hivyo akaiacha, amesema uwongo ingawa kila neno lake ni halisi. Anayerudia pasipo kujua hana dhambi ile ile. Lakini kama angeweza kuuliza na hakujali kuuliza, hawezi kujificha nyuma ya kusema alisikia tu. Katekisimu ya mwaka 1992 inaleta hapa shauri la Mtakatifu Inyasi wa Loyola: mkristu mwema awe mwepesi zaidi kuyapokea maneno ya mwenzake kwa maana njema kuliko kuyahukumu; asipoweza, amwulize anayaelewaje; na akiwa anayaelewa vibaya, amwonye kwa mapendo. Wengine hudhani kwamba shauri hilo ni la ndugu katika imani, na kwamba mpinga dini hana haki juu ya maneno yake. Hilo si kweli. Jirani ni jirani. Aliyemkopa mpagani hulipa deni lake, hasemi kwamba fedha ya mpagani si fedha.

Na yule aliyesingiziwa afanye nini? Kristu alinyamaza mbele ya Kuhani Mkuu. Lakini Mtakatifu Paulo hakunyamaza: alipozuliwa kwamba afundisha kutenda mabaya ili mema yapatikane, aliandika kwa Warumi kwamba hayo ni masingizio. Mwaka 1864 Charles Kingsley, mchungaji wa Kianglikana, alichapisha gazetini kwamba Padri John Henry Newman afundisha kuwa kweli haiwapasi makasisi wa Roma kuipenda kwa ajili yake yenyewe. Newman akaandika kuuliza: wapi? Kingsley akaonyesha hotuba moja ya zamani, ambayo Newman aliitoa angali Mwanglikana, wala neno lile halimo. Radhi aliyoitoa ilikuwa nusu nusu. Ndipo Newman akaandika, juma kwa juma, historia ya mawazo yake yote, akiwapa watu mtu mzima mahali pa kipande. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2019. Yaonekana, basi, kwamba mtu aweza kunyamaza kwa heshima yake mwenyewe. Lakini wadogo wakikwazwa kwa neno asilolisema, au watu wakikaribia kushikana mashati kwa ajili yake, kunyamaza si unyenyekevu tena.

Linabaki deni la mwenye kueneza. Katekisimu yasema wazi kwamba kosa juu ya ukweli hudai malipizi, hata likiwa limekwisha samehewa, na kuungama kwa padri hakumwondolei mtu kazi hiyo. Mkatekista aliyekosea maneno ya Mwislamu kibarazani hana budi kurudi kwenye kibaraza kile kile, jioni, mbele ya wale wale, aseme: sivyo alivyosema, alisema hivi. Ni kazi ya aibu. Ni kazi ngumu pia, kwa sababu Salamabila watu hawakai. Waliosikia Jumatatu, Ijumaa mmoja yuko Kasongo, mwingine amerudi Fizi, na wa tatu ameshuka shimoni. Neno wamekwenda nalo. Wale waliobaki wataambiwa, na wale waliokwenda watapelekewa salamu na msafiri wa kwanza aendaye huko.