Kutumia Bila Kumaliza

Watu wa zama hizi wamezidi kusema juu ya kutotupa taka, na kwamba kila kilichokwisha kazi kirejeshwe kiwe mwanzo wa kazi nyingine. Neno hilo ni zuri, walakini lataka kupimwa. Je, mwenye kuokota mabaki amekwisha timiza haki, au haki ina mlango wake kabla ya hapo? Twaona mfano ulio wazi katika nchi ya Ureno, kwenye biashara ya vizibo vya chupa.

Kizibo hicho chatokana na gome la mti wa jamii ya mwaloni, uotao kwa wingi katika jimbo la Alentejo. Ureno peke yake hutoa kama nusu ya gome hilo duniani. Mti haukatwi. Huambuliwa kwa shoka wakati wa joto, kisha huachwa umesimama uote gome jingine. Mara ya kwanza huambuliwa ukiwa na umri wa miaka 25 hivi. Baada ya hapo sheria yakataza kuambuliwa tena mpaka ipite miaka 9. Juu ya shina huandikwa kwa rangi tarakimu ya mwisho ya mwaka ulioambuliwa, ili ajaye asidai kuwa hakujua. Na gome la mara mbili za mwanzo halifai kwa vizibo vizuri. Lifaalo ni la mara ya tatu, mti ukiwa umepita miaka 40. Basi apandaye leo ampandia mwanawe na mjukuu wake.

Kiwandani, vizibo vikisha kutolewa, hubaki sehemu kubwa ya gome. Mabaki hayo husagwa yakawa chenga, nazo zikashikanishwa kuwa vibao vya sakafu na vya kuzuia joto. Viko vibao vifanywavyo kwa mvuke mkali tu, chenga zikashikana kwa utomvu wa gome lenyewe bila gundi. Hata vumbi hutiwa motoni likaendesha mitambo. Vizibo vilivyokwisha tumika navyo hukusanywa vikasagwa, japokuwa havirudi kuwa vizibo.

Huenda mtu akasema: "Vingi katika vizibo hivyo huziba mvinyo, tuna nini sisi na biashara hiyo?" Jawabu letu ni kuwa hukumu ya mvinyo yajulikana, wala hatuigeuzi. Tulitazamalo hapa ni namna mtu achukuavyo kutoka kwa kilicho hai, na hilo lamhusu kila mwenye shoka mkononi.

Mwingine atasema: "Kama mti wapendwa, na uachwe usiguswe kabisa." Hili laonekana kuwa huruma, lakini si hivyo. Wenye mashamba hulinda miti ile kwa kuwa wapata riziki kwayo. Vizibo vya plastiki na vifuniko vya madini vilipoingia sokoni kwa nguvu, mwishoni mwa karne ya 20, kukawa na hofu ya miti kutelekezwa kwa kukosa wanunuzi. Shamba lisilo faida halifyekwi, na lisilofyekwa huwa chakula cha moto.

Basi haki iko wapi? Mwambuaji akizamisha shoka mno hujeruhi ngozi hai iliyo chini ya gome, na mti hubaki na kovu. Ustadi wake ni kujua pa kuuzuia mkono. Hapo ndipo haki ilipo. Kukusanya chenga ni jema, lakini hilo ni tawi. Shina ni kujizuia. Kiwanda kisichotupa hata vumbi, lau kingeambua mti kila mwaka, kingekuwa chaua kwa unadhifu.

Nasi watu wa pwani tuna mkoko, ambao ukikatwa hauchipui tena kwenye kisiki chake. Huo hautupi nafasi ya pili. Mkata boriti asijiulize tu, "Nitayafanyaje mabaki?" Na ajiulize kwanza, "Nimemwachia nini ajaye?"