Idadi ni Ushahidi

Miongoni mwa ilimu zinazosomeshwa katika Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, iko moja ambayo wazee wengi hulisikia jina lake wasijue maana yake, nayo ni takwimu. Mzazi akiambiwa kuwa mwanawe asoma udaktari hufurahi, na akiambiwa kuwa asoma sharia hufurahi pia, lakini akiambiwa kuwa asoma takwimu huuliza: "Basi atakwenda kuhesabu nini?" Swali hili halifai kuchekwa, kwani ndani yake mna mas-ala yanayotuhusu sote, tuliosoma na tusiosoma: mtu anayetoa idadi mbele ya watu, hutoa nini hasa, naye ana dhima gani?

Rai yetu ni kwamba idadi ni ushahidi. Anayesema kuwa watu wa mahali fulani ni elfu kadhaa, au kuwa mbegu hii yazaa kuliko ile, amesimama mahali pa shahidi mbele ya kadhi. Na yote yampasayo shahidi yampasa yeye.

Wanavyuoni wa zamani walizipanga daraja za kujua. Juu kabisa iko yakini, isiyokuwa na shaka. Chini yake iko dhana, ambapo upande mmoja una nguvu kuliko wa pili. Kisha iko shaka, ambapo pande mbili ni sawa. Mambo mengi ya maisha yetu hayafiki daraja ya yakini. Mkulima apandaye hana yakini ya mvua. Tabibu atoaye dawa hana yakini ya kupona mgonjwa. Na kadhi ahukumuye kwa mashahidi wawili waadilifu ahukumu kwa dhana yenye nguvu. Hapo ndipo takwimu inapoingia. Kazi yake ni kuipima dhana: ina nguvu kiasi gani, imejengwa juu ya nini, na yaweza kukosea kwa kadiri gani. Kuhesabu ni mlango tu wa ilimu hii. Nyumba yenyewe ni kujua mipaka ya kujua kwetu.

Tutoe mfano ulio mashuhuri kwa wasomi wa fani hii. Katika miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, bibi mmoja mtaalamu, Muriel Bristol, alidai kuwa akionja chai ya maziwa aweza kutambua kilichotangulia kutiwa kikombeni, maziwa au chai. Ronald Fisher, aliyekuwa akifanya kazi hapo, hakumsadiki mara moja. Aliuliza: ni mtihani gani utakaotenganisha ujuzi na bahati? Katika kitabu chake cha mwaka 1935 akaueleza mtihani wa vikombe 8, vinne vimetangulia maziwa na vinne vimetangulia chai, vikiletwa kwa mpango uliopatikana kwa kura. Naye mwonjaji avitenge vinne vya namna moja. Njia za kuchagua vikombe vinne katika vinane ni 70, na moja tu ndiyo iliyo sawa yote. Basi mwenye kubahatisha atafaulu kwa kadiri ya mara moja katika mara 70. Mwonjaji akifaulu, tunayo sababu ya kumsadiki, na nguvu ya sababu hiyo twaijua tangu kabla ya chai kumiminwa. Laiti tungaliyapima hivyo madai yote yanayoletwa kwetu, ya waganga wa barabarani, ya wauza mbegu na ya wanasiasa!

Ama kwa watu wa Njoro, jambo hili si mchezo wa vikombe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alijaribu ngano katika ardhi hiyo, na ugonjwa wa kutu ukamharibia mazao. Ndiyo maana Njoro pakawekwa kituo cha kuzalisha mbegu za ngano, nacho kingaliko leo chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya. Mwaka 1998 nchini Uganda ilionekana kutu mpya ya shina, ikaitwa Ug99, iliyozishinda ngano nyingi zilizokuwa zikitegemewa na dunia. Mwaka 2005 Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyepata Tuzo ya Nobel, alitoa onyo. Na tangu wakati huo maelfu kwa maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi zimeletwa Njoro zipandwe katikati ya ugonjwa, ijulikane ipi yavumilia na ipi yaangamia. Yanayoandikwa katika daftari za mashamba hayo husomwa na wazalishaji wa mbegu wa mbali, na wako wakulima watakaopanda kwa kuyategemea, wasiojua hata Njoro iko wapi. Akiandika mwandishi kuwa mmea ni mzima naye hakwenda shambani, njaa yaweza kufika kwa watu asiowajua wala hawatamjua.

Sasa natutazame jinsi shamba la majaribio linavyopangwa. Shamba halina ardhi iliyo sawa kote: huku pana rutuba, kule maji husimama, na pembeni pana kivuli cha miti. Mtafiti aliyezalisha mbegu yake kwa miaka kumi aipenda kama mtoto wake. Akiachiwa achague pa kuipanda, moyo utamvuta kwenye rutuba hata asipokusudia. Kwa hiyo Fisher na wenziwe waliweka kanuni: shamba ligawanywe mafungu yanayokaribiana kwa hali, kila mbegu irudiwe katika kila fungu, na mahali pa kila mbegu papatikane kwa kura. Yaani mtafiti hujifunga mikono kwa hiari yake, ili matamanio yake yasipate njia. Kura si ngeni kwetu. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri na mmoja wao, pasiwe na upendeleo. Mtu aliyezoea kujifunga mikono shambani amepata mafunzo ya nafsi ambayo wengi wetu tungali twayahitaji.

Wala kukadiria mazao si jambo lililoletwa juzi. Baada ya Khaybar kutekwa mwaka wa 7 wa Hijra, mashamba ya mitende yaliachiwa Mayahudi wa huko wayatumikie kwa sharti ya kugawana mazao, naye Abdalla bin Rawaha akawa akitumwa kuzikisia tende zingali mitini. Imepokewa katika Muwatta wa Imam Malik kuwa walimkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie kadirio. Akayakataa, na akawaeleza kuwa hisia zake juu yao hazitamfanya awadhulumu. Nao wakakiri kuwa kwa uadilifu wa namna hiyo ndipo mbingu na ardhi zinaposimama. Na akishakisia, huwapa hiari: wakitaka wao walichukue fungu kwa kadirio hilo, na wakitaka alichukue yeye.

Hapa pana mambo matatu. Hakupokea rushwa, hakuingiza chuki, na alikuwa radhi kulikalia kadirio lake upande wowote. Hili la tatu ndilo tunaloliona kuwa kipimo cha kila mwenye kutoa idadi. Jiulize: lau idadi hii ingeniangukia mimi badala ya kuninufaisha, ningeikubali? Ukiona moyo wasita, jua kuwa mizani imeinama.

Iko hoja moja nzito ambayo haifai kuipita. Watu husema: "Sisi tumedhulumiwa miaka mingi. Shule hatuna, zahanati hatuna. Tukiongeza watu katika daftari ya sensa, twajirudishia haki yetu." Hoja hii yatoka katika uchungu wa kweli, na asiyeujua uchungu huo asiwe mwepesi wa kuwalaumu wenye nao. Katika Kenya idadi ya watu si pambo. Katiba ya 2010 yaitumia katika kuweka mipaka ya majimbo ya uchaguzi, na kanuni ya kugawa fedha kwa kaunti yaitazama pia. Mwaka 2020 Seneti ilibishana kwa muda mrefu juu ya uzito wa idadi ya watu katika kanuni hiyo. Na mwaka 2010, yalipotangazwa matokeo ya sensa ya 2009, serikali iliyazuia ya wilaya 8 za kaskazini, za upande wa Mandera, Wajir, Lagdera na Turkana, ikidai kuwa ongezeko lake halielezeki kwa vizazi na vifo. Wakazi wakapinga, na shauri likafika mahakamani. Hatuhukumu hapa nani alikuwa na haki. Twatazama hoja yenyewe, nasi twaijibu kwa mambo matatu.

Kwanza, fungu la fedha ni moja. Ukijiongezea kibaba, umempunja mwingine. Na huenda uliyempunja ni fukara kuliko wewe, katika kijiji usichokijua. Pili, idadi ya uwongo humrudia mwenyewe. Mahali palipoongezwa watu wasiokuwako, chanjo zikitolewa kwa watoto wote waliopo itaonekana kuwa nusu hawakuchanjwa, na vifo vikiwa vingi vitaonekana vichache kwa kulinganishwa na umati wa majina matupu. Hivyo dhiki iliyotaka kutangazwa ndiyo itakayofichika. Tatu, shahidi akishikwa na uwongo mara moja, hata kweli yake haitapokewa. Na mdhulumiwa hana mali iliyo kubwa kuliko kusadikiwa. Njia ya kudai haki ni kutaka kuhesabiwa sawasawa, kila manyatta na kila nyumba, na kusimama imara pale mtu anaporukwa. Mtume mwenyewe aliwaamuru masahaba wamwandikie majina ya waliosilimu, na katika riwaya moja ya Bukhari wakafika watu 1,500. Waliandikwa walivyokuwa, wakati ambapo adui alikuwa mwingi na kujiongeza kungewapendeza.

Wala asidhani mtu kuwa kusoma sana kwatosha kumlinda mtu na kosa hili. Huyo huyo Fisher, aliyewafundisha watu kujifunga mikono, alikuwa mvutaji wa kiko. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walipotangaza utafiti wao uliohusisha sigara na saratani ya mapafu, na dalili zikazidi mwaka baada ya mwaka, Fisher aliandika mwaka 1957 na 1958 kuzipinga, naye wakati huo alikuwa mshauri wa kulipwa wa watengenezaji wa tumbaku. Labda aliamini aliyoyasema. Mungu ndiye ajuaye ya nyoyoni. Lakini mwenye ilimu kubwa kuliko wote katika fani yake alikosea mahali ambapo mazoea yake na malipo yake vyote vilielekea upande mmoja. Ikiwa yeye hakusalimika, ni nani miongoni mwetu wa kujiamini?

Basi neno letu kwa kijana anayekwenda Njoro ni hili. Chuo unachokiingia kilianzishwa mwaka 1939 kuwa shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu, na jadi yako wasingalipita mlangoni pake ila kama vibarua. Leo mlango u wazi. Usiingie kutafuta cheti peke yake. Siku itakuja utakapotumwa na fomu za maswali kwenye nyumba hamsini, jua kali na njia mbaya, na mwenzio atakuambia: "Tukae chini ya mti tuzijaze, nani atajua?" Siku nyingine mkubwa wako atakuambia kuwa matokeo hayampendezi mfadhili, uyatengeneze kidogo. Siku hizo hazitatajwa katika mtihani wa chuo, lakini ndizo zitakazoonyesha ulisoma nini. Fomu ambayo hukuiuliza iache tupu, na andika kuwa hukuiuliza. Nafasi tupu ni ushahidi wa kweli.

Nasi tuliobaki nyumbani tuna wajibu wetu. Tuletewapo idadi, tuulize: nani alihesabu, alihesabu wangapi, aliwachaguaje, na nani ananufaika? Aya ya 36 ya Surat Bani Israil yatukataza kuyafuata tusiyoyajua, na yatukumbusha kuwa sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Na mzazi aulizaye mwanawe atakwenda kuhesabu nini, naajibiwe: atakwenda kutoa ushahidi. Amwombee awe shahidi mwadilifu.