Kovu la Ini na Swali la Sababu

Ini likiumizwa mara kwa mara hujiponya kwa kuweka nyuzi ngumu za kovu mahali palipokuwa na nyama laini. Kovu hilo haliumi. Mtu hukaa nalo miaka mingi, analima, anakula na kulala vizuri, mpaka siku tumbo linapojaa maji au anapotapika damu. Ugonjwa unaojificha hivi huzusha maswali mawili: umefika wapi, na umetoka wapi. Kipimo cha MRI hujibu swali la kwanza bila kumchoma mgonjwa sindano. La pili ni la zamani zaidi, na katika milima ya Taita nchini Kenya limekuwa swali la dini kabla ya kuwa swali la hospitali.

Kwa muda mrefu njia ya kutegemewa ya kupima kovu ilikuwa kuchomoa kinyama cha ini kwa sindano. Kinyama hicho ni takriban sehemu moja kati ya 50,000 ya ini lote, na kovu halisambai sawasawa, hivyo sindano huweza kulikosa. Mwaka 1995 watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani, akiwemo Raja Muthupillai na Richard Ehman, walichapisha njia ya kutumia MRI kupiga picha mawimbi ya mtikisiko yanapopita katika nyama ya mwili. Mgonjwa ambaye hajala kwa saa kadhaa hulala chali ndani ya mashine. Kisahani cha plastiki hufungwa juu ya mbavu zake za kulia na kuunganishwa kwa mpira na mtambo ulio nje ya chumba, nacho hutetema mara 60 kwa sekunde. Mgonjwa hutoa pumzi na kutulia kidogo huku picha zikichukuliwa. Katika ini laini mawimbi hubanana na kwenda polepole. Katika ini gumu hurefuka na kwenda kasi. Kompyuta hugeuza tofauti hiyo kuwa ramani ya rangi, pamoja na namba ya ugumu katika kilopaskali. Ini lenye afya kwa kawaida huwa chini ya 2.5; likipita 5, mara nyingi limekwisha kusinyaa.

Namba hiyo haitaji sababu. Ugumu uleule huweza kuletwa na pombe, na virusi vya homa ya ini B au C, au na mafuta yaliyorundikana katika ini la mtu asiyejua ladha ya pombe. Ini lililovimba, au lililojaa damu kwa sababu ya udhaifu wa moyo, nalo hutoa namba kubwa hata kama kovu ni dogo. Upande wa Taveta, jirani na Taita, penye chemchemi na mifereji ya kumwagilia mashamba, kuna pia kichocho cha tumbo: mayai ya minyoo hunasa katika mishipa midogo ya ini na kovu huota kuizunguka. Anayeugua hivyo huenda kosa lake lote ni kuoga mferejini utotoni.

Mawazo ya jadi ya Wataita yalilikabili swali la sababu kwa njia nyingine. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza kwamba kiini cha dini yao kilikuwa hasira iliyofichwa moyoni. Hasira ya jamaa, ya wahenga au ya Mlungu (Mungu) iliweza kumletea mtu maradhi. Mwenye hasira huenda hata yeye mwenyewe hakujua kwamba anayo. Mpiga ramli ndiye aliyeibaini. Dawa yake ilikuwa kutasa: mwenye kinyongo alipiga funda la pombe au la maji ya miwa, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya kuachilia na kutakia heri. Uchunguzi uliishia katika kauli ya mtu, na mgonjwa hakuhukumiwa.

Je, kutasa na MRI ni majibu mawili yanayogombea swali moja? Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliandika juu ya Wazande wa Afrika ya Kati na ghala la nafaka lililowaangukia watu waliokuwa wakipumzika kivulini mwake. Wazande walijua vyema kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Tofauti hiyo inafaa hapa pia. Kutasa hakupunguzi kilopaskali, na ramani ya rangi haipatanishi ndugu waliokosana. Kila kimoja hupotosha pale tu kinapojifanya kujibu swali la mwenzake.

Zaidi ya upotoshaji huo wa pande mbili, kuna hatari ya tatu iliyo kubwa zaidi: kuligeuza kovu kuwa ushahidi wa dhambi. Akisikika mtu ana ini bovu, watu huanza kumhesabia chupa. Wakristo, ambao misheni yao ilifika Sagalla mwaka 1883, wanayo hoja dhidi ya tabia hiyo katika maandiko yao wenyewe: rafiki za Ayubu walikosea walipomtafutia hatia, na katika sura ya tisa ya Injili ya Yohana Yesu anakataa kwamba upofu wa mtu ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake. Waislamu nao hufundishwa kuona katika maradhi mtihani na kafara, na kumtembelea mgonjwa kuwa haki yake.

Hoja hii ina uzito wa kitabibu pia. Kovu la ini huweza kupungua sababu yake ikiondolewa: kwa dawa za virusi, kwa praziquantel dhidi ya kichocho, kwa kuacha pombe au kupunguza uzito. Vipimo vya damu na choo hufichua baadhi ya sababu hizo, lakini nyingine hujulikana kwa mgonjwa kusema tu, naye husema kweli pale asipoogopa kuaibishwa. Anayemhukumu mgonjwa kwa picha ya ini lake huifunga njia ya kuijua sababu. Kwa hiyo daktari, mchungaji, imamu na mzee wa ukoo wana wajibu mmoja mbele ya kovu: kumsikiliza mwenye nalo kabla ya kusema limetoka wapi.