“NYUMBA HII HAIUZWI”: Kuta zetu zinatuhubiria, tunasikia?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, mtu akishuka kutoka kwenye kivuko cha Kamanga na kuingia mitaa ya jiji la Mwanza, iwe Igogo, Kirumba, Mabatini au Nyakato, hatatembea sana kabla ya kukutana na maneno yaliyoandikwa ukutani kwa rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Kwenye viwanja huongezwa: Ogopa matapeli. Tumeyazoea maneno haya kiasi kwamba hatuyasomi tena. Lakini tujiulize, kitu kisichouzwa kinahitaji tangazo la nini? Mbona hatuandiki kwenye kanzu zetu kwamba haziuzwi?

Jibu tunalijua. Anayeandika maneno yale anajua kuwa yupo mtu anayeweza kuiuza nyumba ile bila ya mwenyewe kujua. Na aghalabu mtu huyo si mwizi wa kuvunja mlango usiku. Ni mtoto wa marehemu, ni kaka, ni mume, ni mshirika. Anakula humo humo ndani. Tangazo lile, kwa hakika, ni khutba. Linatangaza kuwa amana imeondoka baina ya watu wa nyumba moja mpaka ukuta umelazimika kusema.

Mimi siandiki haya kuwatisha watu wasinunue wala wasiuze. Mwenyezi Mungu (S.W.) amehalalisha biashara na akaharamisha riba (2:275), na nyumba ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Tena Mwanza ni mji ambao ardhi yake ina haki ya kugombewa. Huku ziwa, huku miamba, na tambarare ni chache. Waliotangulia walijenga juu ya mawe, na waliofuata wamesogea Buhongwa, Igoma, Kisesa na Buswelu. Na tangu Daraja la J.P. Magufuli baina ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, macho ya watu yamevuka maji. Hata kule Kamanga ya upande wa Sengerema, ambako zamani mtu aliulizia samaki, leo anaulizia kiwanja. Soko likichangamka, fedha huingia, na fedha ikiingia ndipo dini ya mtu hupimwa.

Kipimo chenyewe kiko wazi. Qur’an (4:29) inatukataza kuliana mali kwa batili, na ikaruhusu biashara ya kuridhiana. Shikilia neno hilo la kuridhiana, kwa sababu ndilo linalochezewa. Mtu hawezi kuridhia jambo asilolijua. Ukimficha mwenzio habari ambayo angeijua asingenunua, au asingeuza kwa bei ile, hapo hakuna ridhaa hata kama kuna sahihi tano na mhuri.

Dalali na “cha juu”

Tuanze na dalali. Udalali ni kazi ya halali, na jina lenyewe limetokana na Kiarabu, maana yake ni mwenye kuonyesha njia. Dalali mwema huwakutanisha watu wawili ambao wasingekutana, na ujira wake ni haki yake.

Tatizo liko kwenye kile kinachoitwa “cha juu”. Mama anataka kuuza nyumba yake kwa milioni 35. Dalali anamwambia mnunuzi kuwa bei ni milioni 42. Mnunuzi analipa, mama anapewa 35 zake, dalali anapata milioni 7, kisha anamgeukia yule mama na kumdai ada ya udalali juu yake! Madalali wengi, na wamo ndugu zetu tunaosimama nao safu moja, huiita hiyo ni akili ya mjini.

Tutenganishe mambo hapa, tusije tukaharamisha halali. Imamu Bukhari amenukuu kuwa Ibn Abbas (R.A.) hakuona ubaya mtu kumwambia mwenzake auze nguo kwa kiasi fulani, na kitakachozidi kiwe chake. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imamu Shafii tunayoyafuata wengi wetu, hawakulipenda hilo kwa sababu ujira wenyewe haujulikani. Lakini angalia, hata huyo aliyeruhusu, ameruhusu pale mwenye mali anapojua na ndiye anayetamka. “Cha juu” cha mjini kwetu hutafutwa gizani. Dalali ni mwakilishi, na mwakilishi ni mwenye kuaminiwa. Bei yote aliyoitoa mnunuzi ni mali ya mwenye nyumba. Aliyeipunguza njiani bila ruhusa amekula amana, wala kuvaa suti hakubadili jina la kitendo.

Lingine ni kuleta wanunuzi wa bandia. Dalali anampanga rafiki yake aje ajifanye anataka nyumba ile ile, ili mnunuzi wa kweli aogope na kupandisha bei. Huu si ujanja uliozuliwa leo. Mtume (S.A.W.) aliukataza kwa jina lake, najshi, na Hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Kadhalika amekataza Muislamu kuingilia biashara ya ndugu yake pale walipokwishakubaliana.

Rangi mpya juu ya ukuta wa zamani

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona rundo la nafaka. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta maji. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka iliyoloa juu watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kudanganya hayuko pamoja naye.

Sasa tuulize, maji ya chini ya rundo katika nyumba zetu ni yapi? Ni ufa uliozibwa kwa plasta wiki moja kabla ya mnunuzi kuja. Ni korongo linaloshusha maji ya mlima hadi sebuleni kila masika, na mwenye nyumba anauza kiangazi. Ni alama ya X ya hifadhi ya barabara iliyopakwa rangi mpya. Ni nyumba nzuri inayotazama ziwa, ambayo mwenyewe anajua fika kuwa iko ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, eneo ambalo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imelizuia kwa shughuli za kudumu. Ni kesi iliyoko barazani ambayo hakuitaja. Mnunuzi anakuja na akiba ya miaka 15, anapewa mbuzi ndani ya gunia.

Wapo watakaosema, “Mnunuzi naye si ana macho? Achunguze.” Ni kweli, na achunguze. Lakini uzembe wa mnunuzi haumfutii muuzaji dhambi. Katika Hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), iliyoko katika Bukhari na Muslim, wauziana wawili wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka ya mauziano yao hufutwa. Fedha inabaki mkononi, baraka imeondoka. Ndiyo maana unamwona mtu ameuza nyumba mwezi wa Rajabu, na Ramadhani inamkuta anaomba futari.

Nyumba ya marehemu

Hapa ndipo rangi nyingi ya ukutani inapokwisha. Baba amefariki, ameacha nyumba Mabatini na mjane na watoto. Siku arobaini hazijatimia, dalali ameshaletwa.

Nimewahi kuitwa niwe shahidi wa mauziano ya namna hii. Wanaume walikaa kwenye viti, mkataba ukiwa mezani, na mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka kwenye kona. Nikauliza, mama anasemaje? Nikajibiwa na mtoto mkubwa, “Huyo ameridhia, Ustadhi, wewe weka sahihi tu.” Nikaomba aulizwe mwenyewe. Akasema, “Mwanangu, mimi hata bei sijaambiwa.” Mauziano hayakufanyika siku ile, na wapo walioniona nimeharibu shughuli ya watu.

Ndugu zangu, urithi haugawi mtoto wa kwanza. Umegawiwa na Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratun-Nisaa. Tupige hesabu. Marehemu ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, wazazi wake hawapo, na madeni na wasia wake vimekwishatekelezwa. Nyumba imeuzwa milioni 64. Mjane ana thumuni, milioni 8. Zinabaki 56. Kila mwanamume ana mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja, jumla mafungu saba, kila fungu milioni 8. Basi kila wa kiume 16, kila wa kike 8. Mtoto mkubwa akiondoka na 40 kwa kisingizio kuwa ndiye aliyehangaika na dalali, amechukua 24 ambazo si zake. Na kama miongoni mwa aliowapunja wamo watoto wadogo, basi asome aya ya 10 ya sura hiyo hiyo, inayosema kuwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao.

Na yule anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi ajue kuwa ameteuliwa kusimamia, hakuteuliwa kumiliki. Vilevile, mume aliye hai asidhani kuwa kwa sababu jina lake ndilo lililo kwenye hati, basi nyumba wanayoishi na mkewe anaweza kuiuza akiwa kijiweni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenzi. Hapo sheria ya nchi na muruwa wa Muislamu havigombani.

Tena kabla ya kumleta mtu wa nje, waulizeni ndugu. Jabir (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliweka haki ya shufaa katika mali isiyogawanywa, na kwamba haifai mshirika kuuza fungu lake kabla ya kumjulisha mwenzake. Huenda dada yenu mwenye duka lake Igoma anaweza kuwalipa wengine kwa mafungu, na nyumba ya baba ikabaki.

Mkopo uliovishwa kanzu

Lipo jambo jingine linalokua kimya kimya. Mtu ana mgonjwa, au ada ya mtoto. Anakwenda kwa mwenye fedha kukopa milioni 5. Anaambiwa asaini mkataba wa mauziano ya nyumba, “ni usalama tu”, na arudishe milioni 7 baada ya miezi mitatu. Miezi ikipita, yule bwana anatoa karatasi na kusema nyumba aliinunua. Nyumba ya milioni 40 imekwenda kwa 5.

Hiyo ni riba iliyovaa kanzu ya biashara. Milioni 2 ya ziada ni riba, na mauziano yenyewe ni ya uongo, kwa kuwa hakuna aliyekusudia kuuza. Anayeweka sahihi ya ushahidi hapo huku akijua, akumbuke kuwa katika Hadithi ya Jabir (R.A.) iliyoko katika Muslim, waliolaaniwa ni mla riba, mlipaji, mwandishi na mashahidi wawili, na kwamba wote ni sawa. Dawa yake tunaijua: rehani ya kweli iliyotajwa katika Qur’an (2:283), na mfuko wa kukopeshana msikitini bila ziada. Kila Ijumaa tunachangia zulia. Je, hatuwezi kuchangia nyumba ya ndugu yetu isinyakuliwe?

Tuandikiane

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur’an (2:282) inahusu kuandika deni na kushuhudisha mauziano. Lakini sisi tunasema, “Ah, sisi ni ndugu, tunaaminiana.” Kuandikiana kunamlinda ndugu dhidi ya kusahau, na warithi dhidi ya ugomvi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 nayo inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi. Nenda ofisi ya ardhi uulize hati ni ya nani, nenda serikali ya mtaa, ongea na majirani wa pande zote nne. Na andika bei ya kweli. Kuandika milioni 20 badala ya 60 ili kukwepa kodi ni ushahidi wa uongo, na siku mauziano yakivunjika utadai 20.

Mwisho, nawaachia kisa cha Abu Rafi’ (R.A.), kilichoko katika Bukhari. Alikuwa na vyumba viwili katika eneo la Saad bin Abi Waqqas (R.A.), akamtaka avinunue. Saad akasema hatazidisha dirham 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi’ alikwishapewa bei ya dinari 500 na mtu mwingine, na dinari moja ilikuwa dirham kumi au zaidi. Akaeleza kuwa lau si kumsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ujirani wake, asingempa kwa bei ile. Kisha akampa.

Wanazuoni wamekhitilafiana kama jirani asiye mshirika ana haki ya kudai shufaa kisheria, na Mashafii wanasema hana. Lakini moyo wa Abu Rafi’ hauna khitilafu. Aliacha dirham elfu moja au zaidi kwa neno moja la Mtume. Sisi leo ni wangapi tunaoweza kuacha hata laki moja ya “cha juu”?

Siku tukiwa na mioyo ile, tutaweza kupaka kuta zetu chokaa nyeupe, zisiwe na neno lolote.

Ewe Mwenyezi Mungu, tutosheleze kwa halali yako tusiiendee haramu yako, wahifadhie wajane na mayatima nyumba zao, na utupe sote makazi mema kesho Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.