Anayenyonyesha na Saumu: Hofu ni ya Nani?

Mwezi wa Ramadhani unapoandama, swali moja hurudi katika darsa za wanawake wa pwani: mama anayenyonyesha afunge au ale? Jibu la kwanza ni jepesi. Hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik al-Kaabi, ambaye si yule Anas maarufu aliyemhudumia Mtume, inaeleza kwamba mjamzito na mnyonyeshaji wameondolewa saumu, kama msafiri alivyoondolewa. Ruhusa ipo. Ugumu huanza baada ya ruhusa.

Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, humtaka mama aipime hofu yake. Akiihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atakula na kuzikidhi siku zake baadaye, kama mgonjwa. Akimhofia mtoto peke yake, atakidhi na pia atatoa fidia: mudi moja, yaani kibaba cha chakula, kwa kila siku aliyokula. Wahanafi hawamdai fidia hata kidogo. Kwa upande mwingine, Ibn Abbas na Ibn Umar wamepokewa wakisema fidia inatosha bila kukidhi.

Sasa hofu hiyo ipimwe kwa mwili wenyewe. Mtoto ambaye bado hajaanza kula hunyonya takriban robo tatu ya lita kwa siku, na ili maziwa hayo yapatikane mama huhitaji kama kalori 500 zaidi ya chakula chake cha kawaida. Hicho si kiasi cha kutisha: ndizi mbivu mbili, glasi ya maziwa na konzi ya karanga vinafika hapo. Ila havina budi kuliwa kila siku, juu ya milo yake, wala si badala yake.

Asipovipata, maziwa hayakauki mara moja. Sukari, mafuta na protini ndani yake hubaki karibu vilevile, kwa kuwa mwili huchota kwenye akiba. Hata kalsiamu hutolewa kwenye mifupa ya mama, kisha mifupa hiyo hujijenga tena mtoto akishaachishwa ziwa. Mtoto anaweza kushiba huku mama akiisha.

Hapa ndipo mizani inapopindishwa majumbani. Mama huulizwa, na hujiuliza, kama mtoto ananyonya vizuri. Akiona ananyonya, anafunga: kwa pwani hii ni takriban saa 13 bila tone la maji, kichwa kinamuuma, miguu inamlegea, naye anaona haya kusema kwamba anayedhoofika ni yeye. Wapo wanawake wenye afya na lishe nzuri wanaofunga bila dhara, na hakuna sababu ya kuwazuia. Lakini yule anayedhoofika hana haja ya kumsingizia mtoto. Sheria imeitaja nafsi yake kwanza, tena kuihofia hakumtozi kibaba hata kimoja.

Desturi za pwani zinalijua jambo hili, kwa muda mfupi tu. Mzazi akiwa kwenye arubaini hupikiwa uji wa pilipili manga, huletewa supu ya kuku, na hakuna anayemhesabia sahani. Kwa siku za nifasi saumu yenyewe haisihi. Arubaini ikiisha, mama yake na mashangazi zake hurudi makwao na sufuria za supu huenda nao, ilhali mtoto ndiyo kwanza anazidi kunyonya.

Sura ya Al-Baqara haikuishia siku arubaini. Aya ya 233 inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na papo hapo inamwajibisha baba kumpa mama chakula na mavazi kwa kadiri ya uwezo wake. Sura ya At-Talaq inakwenda mbali zaidi: hata mke aliyeachwa, akimnyonyeshea mume wa zamani mtoto wake, alipwe ujira. Mwaka mzima aya hizi hazisikiki kama zinavyosikika hukumu za kufungua, ingawa ndizo zinazomgusa mwenye nyumba. Mke aliyeruhusiwa kula saa saba mchana, ndani ya nyumba ambayo jiko haliwashwi mpaka alasiri kwa ajili ya futari, atakula nini? Swali hilo halimhusu yeye peke yake. Mumewe anaweza kulijibu tangu wakati wa daku, kwa kuhakikisha chakula cha mchana cha mkewe kimebaki chunguni.