Kodi Inayojiombea Kifo

Mwezi Novemba 2016, wapigakura wa California waliridhia kodi ya sigara ipande kwa dola 2 kila pakiti, sehemu kubwa ya mapato ielekezwe Medi-Cal, bima ya afya ya watu wa kipato kidogo. Hapo pana fumbo: kodi hii ikifaulu kuwaachisha watu sigara, hazina itapungua, hazina ikinona, ni kwa kuwa mapafu yangali yanaungua. Je, ni haki mgonjwa atibiwe kwa udhaifu wa jirani yake, ambaye mara nyingi naye ni fukara? Naona ni haki kwa sharti moja: mvutaji awe wa kwanza kusaidiwa kuacha, na serikali iyapokee mapato yanayopungua kama habari njema, si hasara.