Kusikiliza utabiri wa mvua si kuamini makahini

 

Hapa Dodoma kila inapokaribia Novemba, hakuna baraza linalokosa mazungumzo ya mvua. Mmoja atasema upepo wa mashariki umechelewa, mwingine atasema mibuyu imechipua mapema, wa tatu atatoa simu na kuwasomea wenzake taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Ubishi huanzia hapo. Nimewasikia Waislamu, tena watu wa safu ya mbele, wakisema kumsikiliza mtabiri wa hali ya hewa ni sawa na kumsadiki mpiga ramli, kwa kuwa elimu ya mvua ni ya Allah peke yake kama tunavyosoma mwishoni mwa Suratu Luqman.

Aya ni haki, lakini imepelekwa pasipo pake. Mpiga ramli hudai ghaibu. Mtaalamu wa hali ya hewa hupima joto la bahari, mgandamizo wa hewa na mwelekeo wa pepo, kisha husema kinachotarajiwa. Kwa mfano, kukiwa na mgandamizo mdogo wa hewa katika rasi ya Msumbiji, pepo zenye unyevunyevu huweza kuvutwa kutoka misitu ya Kongo hadi huku kwetu, na Dodoma na Singida zikapata mvua. Huo ni utaratibu ambao Allah ameuweka katika maumbile. Mzee wa Kigogo anayetazama wingu na kuamua siku ya kupanda uwele anafanya kazi ile ile kwa macho yake, na sijasikia mtu akimwita mshirikina.

Tena kukosea kwao ni ushahidi kuwa hawadai ghaibu. Aprili 2021 tuliambiwa kimbunga Jobo kinakuja, kikafifia kabla ya kufika nchi kavu, watu wakacheka sana. Mei 2024 kikaja Hidaya, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Hapo hakucheka mtu.

Kama tunaitafuta shirki, tuitafute mahali ilipo. Asubuhi moja pale Hudaybiya, baada ya mvua ya usiku, Mtume (s.a.w) aliwafundisha Maswahaba kuwa anayesema amenyeshewa kwa fadhila za Allah ni muumini, na anayesema amenyeshewa na nyota fulani amemkufuru Mola wake. Leo maneno yale yamerudi kwa jina jipya. Utamsikia mtu akisema "El Nino imetupa mvua", kana kwamba joto la maji ya Pasifiki lina mikono ya kutoa na kunyima. Ni sababu tu, na sababu ina Mwenyewe.

Mama wa Waumini Aisha (r.a) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w) alipoona wingu zito uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka, mpaka mvua inyeshe ndipo atulie. Alikuwa akiwakumbuka kina Aad, waliofurahia wingu linaloelekea mabondeni mwao wakidhani ni la mvua, kumbe ni adhabu. Yeye, mpenzi wa Allah, alihofu. Sisi tunajenga korongoni.

Hili nalisema kwa uchungu. Mji huu ni mkavu, mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine korongo ni mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira. Tangu Serikali ihamie hapa mwaka 2016 ardhi imepanda bei, na wapo wanaouza viwanja kwenye mkondo wa maji huku wakijua. Anayemficha mnunuzi aibu ya bidhaa amefanya ghushi, na Mtume (s.a.w) amejitenga na mwenye ghushi. Siku maji yanaporudi kwenye njia yake, muuzaji huyo huja msibani na kusema ni qadar.

Desemba 3, 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Sisemi hata kidogo kuwa walipuuza. Aliyekufa kwa kufukiwa tumefundishwa kumtarajia daraja ya shahidi. Nawasemea walio hai, wanaoletewa tahadhari ya mvua kubwa simuni wakaipitisha kama tangazo la sabuni.

Lipo kundi jingine linalousikiliza utabiri vizuri kuliko sote. Likisikia mvua zitakuwa chini ya wastani, linakimbilia Kibaigwa kununua mahindi na kuyafungia ghalani mpaka debe lipande mara mbili. Wengine hujitetea kwa Nabii Yusuf (a.s). Subhanallah! Yusuf (a.s) aliweka nafaka miaka saba ili watu wale katika miaka ya shida. Wao wanaweka ili watu wasile mpaka walie. Mtume (s.a.w) amemwita mwenye kuhodhi mkosefu. Ugogo huu umewahi kuona njaa ya Mtunya, kuanzia mwaka 1917, baada ya majeshi ya wakoloni kuchukua mifugo na chakula na kisha mvua kukosekana. Kwa hiyo mchezo wa chakula hapa si biashara ya kawaida.

Maimamu wetu naomba jambo dogo. Utabiri wa msimu unapotoka, usomwe msikitini baada ya Ijumaa, vijana wa msikiti wazibue mitaro ya mtaa, na wenye nyumba korongoni watafutiwe pa kulala kabla ya usiku wa mvua. Na utabiri ukiwa wa ukame, tutoke uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua, na wenye maghala ya mahindi watoke pamoja nasi.